Kizunguzungu na Kuyumba: Tiba Iliyo Mikononi mwa Mtaalamu wa Fiziotherapia

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma za afya. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimepewa nafasi hii nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa jina moja tu, kizunguzungu, na jina hilo moja ndilo linalotuchelewesha. Mtu aliyelala kitandani akageuka upande wa kulia, mara paa likaanza kuzunguka, husema ana kizunguzungu. Aliyeinuka ghafla kutoka kwenye kigoda akaona giza machoni, naye husema ana kizunguzungu. Bibi asiyeona chochote kikizunguka, lakini kila akitembea huyumba kama aliye ndani ya mtumbwi, naye huandikiwa neno hilohilo kwenye daftari la zahanati. Hao ni watu watatu wenye matatizo matatu tofauti, na tiba zao hazifanani. Wakipewa wote kidonge kimoja, tutashukuru akipona mmoja.

Ndiyo maana mkija kwetu tunaanza na maswali kabla ya vipimo. Je, dunia inazunguka, unaona giza, au miguu haikutii? Huanza ukiwa unafanya nini? Hudumu kwa muda gani? Majibu ya maswali hayo matatu hutuonyesha njia mapema kuliko vipimo vingi vya gharama. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hamjatoka nyumbani kuja kutibiwa, jibuni maswali hayo kimoyomoyo njiani, na mkifika msiseme tu “kizunguzungu”. Semeni kinachotokea.

Kuhusu kuona giza wakati wa kuinuka nitasema machache, kwa kuwa si kazi yangu ya kila siku. Mara nyingi chanzo chake ni presha kushuka mtu anaposimama, upungufu wa maji mwilini, upungufu wa damu, au dawa fulani anazotumia. Huyo aende kwa daktari, apimwe presha akiwa amelala na kisha akiwa amesimama. Asiache dawa zake za presha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa niingie katika yale yanayotuhusu sisi wa fiziotherapia. Najua wapo wanaodhani kazi yetu ni kunyoosha miguu ya waliovunjika na mikono ya waliopatwa na kiharusi. Kazi hiyo tunaifanya, lakini mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba, nayo ni kazi yetu.

Mizani hiyo husimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni macho, yanayotuonyesha ukuta umesimama wapi na ardhi imelala wapi. La pili ni nyayo pamoja na viungo vya miguu na shingo, ambavyo huhisi kama tumekanyaga mchanga, tope au sakafu. La tatu limefichika ndani ya mfupa, katika sikio la ndani, mahali ambapo kijiti cha kusafishia sikio hakifiki, na ni heri kisifike. Ubongo hupokea taarifa kutoka pande zote tatu na kuzilinganisha. Zikikubaliana, mama hubeba ndoo ya maji kichwani akapanda kilima bila kuishika, huku akisalimiana na watu. Zikipingana, ubongo haujui uamini lipi, na mvutano huo ndio tunaouhisi kama kizunguzungu na kichefuchefu.

Sikio la ndani lina mirija mitatu myembamba iliyopinda mfano wa pete, kila mmoja umeelekea upande wake, nayo imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo husukuma vinyweleo vidogo mno, navyo huuarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Jirani na mirija hiyo kuna kifuko chenye punje ndogo za madini ya aina ileile iliyomo katika chokaa na katika ganda la yai. Punje hizo zina kazi yake, kwa maana uzito wao hutuambia chini ni wapi. Lakini kwa sababu ya umri, au pigo la kichwa, na mara nyingi bila chanzo kinachojulikana, baadhi ya punje hubanduka na kuingia katika mrija usio makazi yao. Basi mgonjwa akigeuka kitandani, akitazama juu kuangua embe, au akiinama kuosha vyombo, punje huteremka ndani ya mrija na kusukuma majimaji, na ubongo huarifiwa kuwa kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Dunia humzunguka kwa nguvu kwa muda ambao kwa kawaida hautimii dakika moja, kisha hutulia. Akirudia mkao uleule, inamzunguka tena.

Miongoni mwa vizunguzungu vinavyotoka sikioni, huu ndio ugonjwa unaoongoza. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Presha haihusiki, malaria haihusiki, na jirani anayeshukiwa hana hatia.

Kuutambua hakuhitaji mashine. Mgonjwa huketi juu ya kitanda, tukageuza kichwa chake upande mmoja kwa nusu ya mgeuko wa kutazama begani, kisha tukamlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda huku tumekishika. Tunamwomba asifumbe macho. Kama punje zimo katika mrija wa nyuma wa sikio lililoelekea chini, baada ya sekunde chache macho yake yataanza kurukaruka kwa namna maalumu, huku akituambia kuwa nyumba inazunguka. Sisi hatutazami paa, tunatazama macho hayo, kwa sababu namna yanavyoruka ndiyo inayotuambia sikio lipi limeathirika na mrija upi. Kipimo hiki kilielezwa London mwaka 1952 na madaktari Margaret Dix na Charles Hallpike, na mpaka leo hakijapata mbadala bora.

Tiba yake huendelea palepale kitandani. Mgonjwa akiwa bado amelala, na kichwa kimeelekea sikio lenye tatizo, tunasubiri mzunguko uishe. Kisha tunakigeuza kichwa polepole kuelekea upande wa pili, tunasubiri tena. Halafu tunamgeuza mwili mzima alale ubavu, uso ukitazama sakafu, tunasubiri. Mwisho tunamketisha. Kila mkao huchukua kati ya nusu dakika na dakika moja, au zaidi kidogo ikiwa mzunguko haujaisha. Kinachofanyika ni kuzipitisha zile punje kona kwa kona ndani ya mrija, kama mtu anayegeuza kibuyu ili kokoto iliyomo itokee mdomoni, mpaka zirejee katika kifuko zilikotoka. Wagonjwa wengi hupona kwa tiba ya mara moja, na baadhi huhitaji mara mbili au tatu.

Urahisi huo uliwahi kuinyima tiba hii heshima. Daktari John Epley wa Portland, Marekani, alipowaonyesha wenzake mwaka 1980, wengi hawakumwamini, na makala yake iliyoieleza ilichapishwa mwaka 1992 tu. Siku hizi hufundishwa duniani kote. Hata hapa kwetu nimeshaona mgonjwa akiondoka na uso wa mashaka kwa kuwa hakupewa dawa ya kubeba.

Miongoni mwa niliowahudumia yumo bibi mmoja aliyeletwa na wajukuu wawili wakiwa wamemshika mikono. Miezi saba hakuwa amekanyaga shambani. Alikuwa akilala ameketi, mgongo ukiegemea ukuta, kwa kuwa kila alipolaza kichwa upande wa kulia nyumba ilimgeukia. Alikuwa amepimwa malaria mara nne, ametumia dawa za minyoo, za kuongeza damu na za usingizi, na mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa. Kipimo kilichukua dakika mbili na tiba dakika sita, tukairudia mara moja. Alipoketi alikaa kimya kidogo, kisha akajilaza mwenyewe bila kuambiwa, akageuka kulia, akageuka kushoto, akauliza, “Ni hivi tu?” Mjukuu mmoja alikasirika badala ya kufurahi, nami niliielewa hasira yake. Wale mbuzi waliuzwa kwa sababu katika miezi saba hakuna aliyemuuliza bibi yake yale maswali matatu.

Vijana wenye simu wataniambia kwamba wameona tiba hii katika video na wanaweza kuwafanyia wazazi wao. Nawaomba wasubiri. Tiba ya sikio la kulia si ya sikio la kushoto, ya mrija wa nyuma si ya mrija wa pembeni, na mtu mwenye shingo iliyoumia au mifupa ya shingo iliyochakaa hulazwa kwa namna nyingine. Mleteni kwanza apimwe. Baada ya hapo, ikiwa inafaa, tutawafundisha wenyewe namna ya kuirudia nyumbani, maana ugonjwa huu hupenda kurudi baada ya miezi au miaka, na si lazima kila ukirudi mgonjwa apande gari kuja kwetu.

Upo ugonjwa mwingine wa sikio la ndani ambao haufuati mkao. Mtu huamka asubuhi na dunia inazunguka bila kukoma, anatapika, hawezi kusimama bila kushikwa, na hali hiyo huendelea kwa siku kadhaa. Mara nyingi ni uvimbe katika mshipa wa fahamu unaotoka sikio la ndani, unaodhaniwa kuletwa na virusi. Huyu ni lazima aonwe haraka na daktari, kwa kuwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo huweza kujivika sura hiyohiyo. Ikithibitika kwamba tatizo ni la sikio, basi baada ya siku mbili tatu za mwanzo kulala sana huwa kizuizi.

Hapa ndipo nisipokubaliana na desturi yetu ya kumfungia mgonjwa chumbani atulie. Chungu hakiwezi kukaa juu ya mafiga mawili, lakini ubongo unaweza kujifunza kufanya hivyo, kwa sharti moja: uone mwendo. Katika miaka ya 1940 nchini Uingereza, Terence Cawthorne na F. S. Cooksey walitambua kuwa wagonjwa walioinuka mapema na kuanza kugeuza vichwa vyao walipona upesi kuliko waliolala kimya, wakawatungia mazoezi. Mazoezi tunayotoa leo yametokana na kazi hiyo.

Zoezi moja ni hili. Mgonjwa huketi, akanyoosha mkono mbele na kuinua kidole gumba. Macho yasibanduke katika ukucha, na huku kichwa kikigeuka kulia na kushoto, kama anayekataa jambo. Dakika moja, mara tatu kwa siku, akiongeza kasi kadiri siku zinavyokwenda, ilmradi ukucha uendelee kuonekana sawasawa. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi kinaruhusiwa, tena ndicho kinachoufundisha ubongo. Kama hakijatulia baada ya robo saa, kasi imezidi, ipunguzwe. Zoezi la pili ni kusimama kwenye kona ya nyumba, kuta zikiwa mgongoni na kiti kikiwa mbele, miguu imebanwa pamoja, kwanza macho wazi, kisha macho yamefumbwa. Likizoeleka, husimama juu ya mkeka uliokunjwa. Zoezi la tatu ni kutembea huku kichwa kikigeuka upande huu na huu. Hili kijijini halina taabu: mtu apite njiani akiwasalimia wa kulia na wa kushoto, arudi nyumbani zoezi limekwisha.

Mazoezi haya yasifanywe karibu na jiko linalowaka, kisima au ngazi. Na mpaka mizani irejee, mgonjwa asipande mnazi wala mwembe, asiendeshe pikipiki, asibebe ndoo kichwani.

Vidonge vya kuzuia kizunguzungu navyo vina mahali pake. Vinapunguza kutapika katika siku za mwanzo, na kwa hilo tunavishukuru. Lakini havirudishi punje mahali pake, na mtu akivitumia kwa wiki na miezi humletea usingizi na kuuchelewesha ubongo kujifunza. Mzee anayevimeza kila usiku kisha akaamka saa nane kwenda chooni yumo hatarini kuliko alivyokuwa kabla ya kuvianza.

Hilo linanileta kwa wale wanaoyumba bila kuona chochote kikizunguka. Wengi wao ni wazee wetu. Jicho limefifia kwa mtoto wa jicho, nyayo zimekufa ganzi kwa kisukari, misuli ya mapaja imepungua. Wapo pia ambao sikio la ndani liliharibika pande zote mbili baada ya kutumia dawa fulani za sindano, kama vile streptomaisini au jentamaisini, ambazo huokoa maisha lakini huweza kuidhuru mizani. Hawa hutembea vizuri mchana wakiona njia. Giza likiingia, au wakifumba macho kuosha uso, wanaanguka, kwa sababu figa la macho ndilo lililokuwa likibeba chungu kizima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vifo ni sehemu ya hasara hiyo tu. Bibi aliyevunjika nyonga hurudi nyumbani akiwa mtu wa kuhudumiwa, na anayemhudumia ni binti aliyeacha biashara yake au mjukuu aliyeacha shule.

Wengi wanapoliona hilo humwambia mzee, “Bibi, kaa hapo hapo, utaanguka.” Ni maneno ya upendo. Hata hivyo, miguu isiyotumika hudhoofika, na mzee aliyeketishwa mwaka mzima ataanguka siku atakayojaribu kuinuka. Mwacheni atembee, lakini mtengenezeeni njia. Tochi iwe karibu na mto wake. Njia ya kwenda chooni isiachwe na majembe na mabeseni. Nguzo mbili za miti zichimbiwe chooni ili ashike akichuchumaa na akiinuka. Kandambili zilizolegea zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino. Na kila siku ainuke kitini na kuketi tena mara kumi, bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza. Fimbo isimwonee haya, naye asiionee haya.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, hasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Yapo mazingira ambayo mgonjwa wa kizunguzungu hasubiri siku ya kliniki wala haji kwangu kwanza. Kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kusimama, au maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo sikio likiziba ghafla lisisikie, mtu akiwa ameanguka na kuumia kichwa, au akiwa na homa na shingo iliyokakamaa. Mwenye kutokwa usaha sikioni naye asikae nao, maana usaha wa muda mrefu huweza kula mpaka sikio la ndani.

Kuhusu utaratibu wa huduma: anzeni katika zahanati au kituo cha afya, mpimwe presha, damu na sukari, kisha mwombe rufaa ya fiziotherapia katika hospitali ya wilaya. Mje na dawa zote mnazotumia, hata za kienyeji, ndani ya mfuko mmoja, bila kuficha hata moja. Mje na mtu wa kuwarudisha nyumbani. Msile chakula kizito muda mfupi kabla ya kipimo, kwani wengine hutapika. Akina mama, vaeni nguo itakayowawezesha kulala na kugeuka bila wasiwasi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wa kulipa ana haki ya matibabu bila malipo, hivyo aje na kitambulisho chake cha matibabu ya wazee, na asiye nacho aanzie ofisi ya serikali ya kijiji.

Kwa Mheshimiwa Diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata nina ombi moja. Sisi wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na kutoka vijiji vya pembezoni nauli ya kwenda na kurudi hospitali ni mzigo kwa kaya nyingi. Kipimo nilichokieleza hakihitaji umeme wala mtambo. Kinahitaji kitanda kinachofikika pande zote, na mhudumu aliyefundishwa. Kamati ikikubali kuwakusanya waganga na wauguzi wa zahanati zetu kwa siku moja, nipo tayari kuja kuwafundisha kukitambua kizunguzungu cha punje, ili wanaoletwa hospitali wawe wale wanaohitaji hospitali kweli.

Nimekuja na mkeka na mto. Baada ya maswali, yeyote ambaye paa humzunguka akigeuka kitandani apite upande wa darasa lile, wanawake watahudumiwa kwanza, na muuguzi wetu yupo pamoja nami kuwapima presha kabla ya yote. Sasa nayapokea maswali. Naona mzee wangu pale chini ya mwembe ameinua fimbo muda mrefu. Karibu, mzee.